Alexander John Haddow

Alexander John Haddow (Glasgow, 27 Desemba 1912 – 26 Desemba 1978) alikuwa daktari na mtaalamu wa wadudu kutoka Uskoti aliyefanya kazi Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1938 hadi 1965, kwanza Kisumu nchini Kenya, kisha Entebbe nchini Uganda. Alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu waliotangaza ugunduzi wa kirusi cha Zika mwaka 1952. Hata hivyo mchango wake mkubwa zaidi ni namna ya kuchunguza mbu wa msituni usiku na mchana, kuanzia ardhini hadi vileleni mwa miti, ili kujua ni mbu yupi anayemuuma nani, wapi na saa ngapi, na kama amebeba virusi vinavyoweza kumdhuru binadamu.

Asichanganywe na Alexander Haddow (1907–1976), mtafiti wa saratani aliyeishi wakati uleule.

Maisha ya awali

Haddow alizaliwa na kukulia Glasgow. Katika Chuo Kikuu cha Glasgow alisoma kwanza zoolojia, akapata shahada mwaka 1934, kisha akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1938. Mchanganyiko huo haukuwa wa kawaida. Madaktari wengi wa wakati ule walimtazama mgonjwa tu, na wataalamu wa wadudu walimtazama mdudu tu. Haddow aliweza kufuatilia ugonjwa tangu kwa mnyama na mdudu mpaka kwa mtu.

Nje ya kazi alipenda sana muziki wa zumari la Kiskoti, akautafiti kwa makini uleule aliotumia kwa wadudu. Kitabu chake kuhusu historia na muundo wa muziki huo kilichapishwa mwaka 1982, baada ya kifo chake.

Kisumu

Mara baada ya kuhitimu udaktari alikwenda Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, kwa ufadhili wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Huko alichunguza mbu wanaoingia katika nyumba za wenyeji, hasa Anopheles gambiae na Anopheles funestus, waenezaji wakuu wa malaria. Pamoja na kuhesabu mbu, alipima pia joto na unyevu wa ndani ya nyumba, kwa kuwa mbu huchagua mahali pa kupumzika kufuatana na hali ya hewa ya mahali penyewe. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1942. Tangu wakati huo hakuacha kuuliza mambo mawili kuhusu kila mbu: yuko wapi hasa, na hufanya nini kila saa.

Entebbe na fumbo la homa ya manjano

Mwaka 1942 Haddow alijiunga na Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano mjini Entebbe. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 na Rockefeller Foundation ya Marekani kwa ushirikiano na serikali ya Uganda. Wakati huo watu waliogopa kwamba ndege za abiria zingeweza kuvusha homa ya manjano kutoka Afrika hadi Asia, ambako ugonjwa huo haukuwapo ingawa mbu wa kuueneza walikuwa wengi. Hofu hiyo ilizidi mwaka 1940, wakati mlipuko katika milima ya Nuba nchini Sudan ulipowapata watu zaidi ya 15,000 na kuwaua zaidi ya 1,500.

Nchini Uganda kulikuwa na fumbo. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba watu wengi wa Bwamba, magharibi mwa milima ya Ruwenzori karibu na mpaka wa Kongo, walikuwa na kingamwili dhidi ya homa ya manjano. Maana yake walikuwa wameshaambukizwa. Lakini hapakuwa na kumbukumbu ya mlipuko mkubwa katika eneo hilo. Tena mbu Aedes aegypti, anayejulikana kueneza homa ya manjano mijini, hakuwa sababu ya kutosha huko. Kirusi kilikuwapo, lakini haikujulikana kilijificha wapi.

Kutoka Amerika ya Kusini kulikuwa na dokezo. Katika miaka ya 1930 ilikuwa imethibitishwa huko kwamba homa ya manjano inaweza kuishi msituni kati ya nyani na mbu bila kumhitaji binadamu. Kama ndivyo ilivyokuwa Bwamba, kirusi kingetafutwa juu ya miti, walikokuwa kima, wala si nyumbani kwa wagonjwa.

Kuhesabu mbu kwa saa na kwa kimo

Haddow na wenzake, akiwemo John Gillett, walijenga majukwaa ya mbao juu ya miti ya msitu wa Bwamba katika vimo mbalimbali. Kwenye kila jukwaa na chini ardhini waliketi wakamataji, wakamnasa kila mbu aliyetua ili kuwauma. Kazi iliendelea kwa saa 24 bila kukatizwa, watu wakipokezana, na mbu wa kila saa waliwekwa kando na kuandikwa.

Hesabu hizo zilionyesha kwamba msitu mmoja ni kama nyumba ya ghorofa yenye wakazi tofauti. Mbu wengine huuma mchana karibu na ardhi, wengine huuma usiku, na wengine hawashuki chini ila kwa nadra. Muhimu kuliko wote alikuwa Aedes africanus. Huyu huuma zaidi vileleni mwa miti, na idadi yake hupanda ghafla kwa muda mfupi mara baada ya jua kuzama. Mtafiti aliyekamata mbu ardhini wakati wa mchana angewapata wachache tu, na angeweza kuamua kwamba hawana umuhimu wowote. Kumbe saa hiyo ya magharibi ndiyo saa ambayo kima wametulia mitini kulala.

Kwa kuunganisha hesabu za mbu, vipimo vya damu ya kima na mwenendo wa kima wenyewe, kundi la Entebbe, ambalo ndani yake walikuwa pia Alexander Mahaffy na Kenneth Smithburn, lilieleza njia ya kirusi kwa hatua tatu:

1. Msituni, Aedes africanus hueneza kirusi kutoka kima mmoja hadi mwingine vileleni mwa miti.
2. Kima, hasa kima mkia-mwekundu (Cercopithecus ascanius), hutoka msituni mchana na kuiba ndizi mashambani. Huko huumwa na mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayezaliana katika maji ya mvua yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya mgomba.
3. Mbu huyo wa migombani humuuma mkulima, na kirusi kikaingia kijijini.

Hivyo ilieleweka kwa nini Bwamba kulikuwa na watu wengi wenye kinga bila mlipuko mkubwa: maambukizi yalikuja mmoja mmoja kutoka shambani, hayakuenea nyumba kwa nyumba. Haddow aliwachukulia kima kwa uzito uleule wa mbu. Mwaka 1952 alichapisha uchunguzi mrefu kuhusu maisha ya kima mkia-mwekundu nchini Uganda.

Kutoka kwa mbu hadi kirusi

Kukamata mbu kulikuwa nusu ya kazi tu. Katika maabara mbu walitambuliwa kwa spishi, wakawekwa katika mafungu na kusagwa katika kimiminiko. Uchafu ulitenganishwa, na maji yaliyobaki yakadungwa katika ubongo wa panya weupe. Panya wakiugua, ugonjwa huo ulihamishiwa kwa panya wengine ili kuhakikisha kwamba chanzo ni kirusi. Kisha kirusi kililinganishwa na vile vilivyojulikana: kama seramu ya mnyama mwenye kinga dhidi ya homa ya manjano haikuweza kukizuia, basi kilikuwa kitu kingine.

Kwa njia hiyo watafiti waliokuwa wakitafuta kirusi kimoja walipata vingi. Mwaka 1942 mbu wa msitu wa Semliki walitoa kirusi kilichoitwa kwa jina la msitu huo. Mwaka 1943 kilipatikana kirusi cha Bunyamwera, kutoka kwa mbu wa jenasi Aedes waliokamatwa katika eneo hilohilo. Wakati huo hakuna aliyejua kama virusi hivyo vina madhara kwa watu. Baadaye kirusi cha msitu wa Semliki kilitumika sana katika maabara za dunia kuelewa jinsi virusi vinavyoingia ndani ya seli. Jina la Bunyamwera lilipewa kundi kubwa la virusi, yaani bunyavirusi, ambamo virusi vya homa ya Bonde la Ufa na homa ya Kongo na Krimea viliwekwa pia.

Msitu wa Zika

Bwamba ilikuwa mbali na Entebbe, kwa hiyo taasisi ilihitaji msitu wa karibu kwa uchunguzi wa kudumu. Ukachaguliwa msitu mdogo wa Zika, kando ya barabara ya Entebbe na Kampala, karibu na kinamasi cha Ziwa Viktoria. Majukwaa yalijengwa mitini, na juu yake viliwekwa vizimba vya kima wa Asia aina ya rhesus (Macaca mulatta). Wanyama hao walikuwa walinzi: kwa kuwa hawakuzaliwa Afrika, hawakuwa na kinga dhidi ya homa ya manjano, na kirusi kikipita msituni wangeugua kwanza. Joto lao lilipimwa mara kwa mara.

Tarehe 18 Aprili 1947 joto la mmoja wao, aliyepewa namba 766, lilipanda. Damu yake ilipelekwa maabara na kudungwa panya, nao wakaugua baada ya siku kama kumi. Kirusi kilichopatikana hakikuwa cha homa ya manjano wala kingine kilichojulikana. Mnamo Januari 1948 wakamataji walinasa mbu 86 wa Aedes africanus katika msitu uleule, na fungu hilo likatoa kirusi kilekile. Sasa ilijulikana kwamba kirusi kipo na ni mbu gani anakibeba. George Dick, Stuart Kitchen na Haddow walitangaza matokeo hayo mwaka 1952, wakakiita kirusi kwa jina la msitu. Dalili kwa binadamu hazikuwa zimeonekana, na kwa miaka mingi kirusi cha Zika kilihesabiwa kuwa jambo dogo.

Watu waliokamata mbu

Kazi yote hiyo ilitegemea watu wa Bwamba na wa maeneo ya Entebbe walioketi mitini usiku, miili yao ikiwa chambo. Chanjo ya homa ya manjano ilikuwapo tangu mwaka 1937, lakini dhidi ya malaria na virusi vilivyokuwa bado havijajulikana hapakuwa na chanjo. Kila kirusi kipya kilichopatikana ndani ya mbu waliokamatwa kwa njia hiyo kilikuwa kirusi ambacho mkamataji angeweza kuambukizwa yeye kwanza. Usahihi wa hesabu nao ulikuwa mikononi mwao: mkamataji akisinzia saa ya magharibi, Aedes africanus angekosekana katika daftari.

Pamoja na hayo, makala maarufu za kipindi hicho zilibeba majina ya Wazungu peke yao kama waandishi. Hali ilianza kubadilika karibu na uhuru wa Uganda. Katika makala ya mwaka 1964 kuhusu kirusi cha Zika, mmoja wa waandishi pamoja na Haddow alikuwa Lameck Goma, mtaalamu wa mbu ambaye baadaye alikuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Zambia na waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo.

Ukurugenzi

Mwaka 1950 taasisi ilibadilishwa jina na kuwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika ya Mashariki, chini ya Tume Kuu ya Afrika ya Mashariki. Haddow alikuwa mkurugenzi wake tangu 1953 hadi 1965. Wakati huo taasisi ilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, na milipuko miwili mikubwa iliijaribu.

Wa kwanza ulitokea mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika. Watu walipatwa ghafla na homa na maumivu makali ya viungo, hata wakatembea wameinama. Kutokana na hali hiyo ugonjwa uliitwa chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Watafiti wa Entebbe, wakiwemo Lumsden na Ross, walichunguza mlipuko na kukitenga kirusi. Maji yalikuwa haba katika uwanda huo, na watu waliyahifadhi majumbani kwa muda mrefu. Humo Aedes aegypti alizaliana. Miaka michache baadaye kirusi hichohicho kilipatikana ndani ya Aedes africanus katika msitu wa Zika, ishara kwamba chikungunya nayo huishi msituni kabla ya kuwafikia watu.

Mlipuko wa pili ulianza mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliuita o'nyong'nyong kwa sababu ya udhaifu wa viungo unaowapata wagonjwa. Ulienea hadi Kenya na Tanganyika na kuwapata watu wapatao milioni 2, ingawa haukuwa ugonjwa wa kuua. Haddow aliongoza uchunguzi, na jibu likawa la kushangaza: waenezaji walikuwa Anopheles funestus na Anopheles gambiae, mbu walewale wa malaria aliowahesabu Kisumu miaka 20 iliyotangulia. Milipuko mikubwa ya virusi vinavyoenezwa na Anopheles ni adimu sana.

Mnara wa msituni

Majukwaa ya mitini hayakuweza kuvuka vilele vya miti. Kwa hiyo mwaka 1958 mnara wa chuma wenye urefu wa mita 36 hivi ulisimamishwa katika msitu wa Mpanga, na mwaka 1960 ulihamishiwa msitu wa Zika. Kutoka juu yake Haddow na Philip Corbet waliona jambo ambalo halikuweza kuonekana chini: jioni wadudu wa aina nyingi, wakiwemo mbu, hukusanyika makundi makundi juu ya vilele vya msitu. Maana yake mbu wa msituni hawafungwi ndani ya msitu. Wakifika juu, upepo unaweza kuwachukua. Makala ya mwaka 1964 iliyotajwa hapo juu ilieleza jinsi kirusi cha Zika kilivyopatikana mara 12 kutoka kwa Aedes africanus waliokamatwa ndani ya msitu na juu yake.

Uvimbe wa Burkitt

Ujuzi wa Haddow ulisaidia pia nje ya utafiti wa mbu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Kampala alikuwa ameeleza mwaka 1958 aina ya saratani ya taya inayowapata watoto, akaona kwamba haipatikani katika nyanda za juu. Haddow alitambua kwamba mpaka huo hauwekwi na mwinuko wenyewe bali na joto, kama ulivyo mpaka wa mbu wengi, na mwaka 1963 akachapisha ramani iliyoboreshwa ya ugonjwa huo. Ilidhaniwa kwamba mbu hueneza kirusi cha saratani hiyo. Baadaye ilibainika kwamba kirusi kinachohusika, cha Epstein na Barr, hakienezwi na mbu, lakini malaria, ambayo huenezwa na mbu, huchangia ugonjwa kutokea.

Kurudi Glasgow na kifo

Mwaka 1965 Haddow alirudi Chuo Kikuu cha Glasgow kufundisha epidemiolojia. Katika miaka ya 1970 alikuwa profesa na mkuu wa kitivo cha tiba. Serikali ya Uingereza ilikuwa imempa nishani ya CMG mwaka 1959, na mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alifariki tarehe 26 Desemba 1978, siku moja kabla ya kutimiza miaka 66.

Urithi

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, taasisi ya Entebbe ikawa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, na inaendelea na kazi hadi leo. Mnara wa Zika unajulikana kwa jina la Haddow.

Thamani ya madaftari ya msituni ilionekana wazi miongo mingi baada ya kifo chake. Mwaka 2007 kirusi cha Zika kilisababisha mlipuko katika kisiwa cha Yap, bahari ya Pasifiki; mwaka 2013 kilifika Polinesia ya Kifaransa, na mwaka 2015 kikaenea Brazil, safari hii kikibebwa na Aedes aegypti. Watoto walizaliwa wakiwa na vichwa vidogo na ubongo ulioharibika. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Madaktari walipotaka kujua ugonjwa huo unatokana na nini, kirusi kilikuwa tayari kina jina, kimehifadhiwa, na jenasi ya mbu wanaokibeba ilijulikana, kwa sababu karibu miaka 70 nyuma watu waliketi mitini karibu na Entebbe wakihesabu mbu wakati hakuna mtu aliyekuwa mgonjwa.

Siku hizi mara nyingi mitego ya taa na ya gesi ya kaboni dioksidi hutumika badala ya mwili wa mtu, na vipimo vya vinasaba vimechukua nafasi ya panya. Utaratibu wenyewe umebaki uleule: kukamata mbu mahali wanapoishi na saa wanapouma, kuwatambua spishi kwa spishi, na kutafuta virusi ndani yao kabla havijafika hospitalini.